Chuo cha Marekani kimeahirisha ombi langu hadi Machi. Nifanye nini sasa?

Shikamoo mshauri,

Mimi ni msichana wa miaka 18, nimemaliza kidato cha nne mwaka huu katika shule ya bweni hapa Pwani. KCSE, mtihani wa taifa, nimefanya na matokeo bado. Mwishoni mwa Oktoba mwalimu wangu wa ushauri nasaha alinisaidia kutuma ombi la Early Decision, lile la mapema ambalo ukikubaliwa lazima uende, katika chuo kidogo cha sanaa huria huko kaskazini-mashariki mwa Marekani. Fomu nilikuwa nimeijaza likizo ya Agosti.

Katikati ya Desemba jibu limekuja. Sikukubaliwa, wala sikukataliwa. Wamesema ombi langu limeahirishwa, litasomwa tena pamoja na maombi ya kawaida, na nitajua mwishoni mwa Machi. Mtihani wa majaribio nilipata A-, SAT, mtihani wa kuingia vyuo vya Marekani, nilipata 1380. Mama anauza mitumba sokoni, kwa hiyo nahitaji ufadhili wa karibu gharama zote. Kando ya masomo nasaidia kikundi cha akina mama chenye kitalu cha mikoko. Agosti tulipanda miche 600.

Sasa kila mtu ana lake. Mama anataka mheshimiwa mbunge aniandikie barua. Binamu yangu aliye Minnesota anasema niwaandikie kila wiki wasinisahau. Rafiki ananiambia nifute ombi la ufadhili niingie kwanza, pesa zitapatikana mbele ya safari. Mwingine anasema nihamie chuo kingine kwa Early Decision ya pili. Nirudie SAT? Na hayo maombi mengine niliyoyaanza ni mawili tu, tena ya nusunusu.

Nimekwama, Kilifi

*

Marahaba, mwanangu.

Umeliweka mwisho lile lililopaswa kuwa la kwanza. Maombi mawili ya nusunusu ndiyo hatari yako kubwa, kuliko hata hilo jibu la kuahirishwa. Vyuo vingi vya aina hiyo hufunga maombi ya kawaida kati ya tarehe 1 na 15 Januari. Siku zilizobaki ni chache, na chuo kilichokuahirisha hakitafungua faili lako tena mpaka Februari au Machi. Kazi ya wiki hii iende kwa vyuo vingine, hicho kitapata zamu yake Januari.

Kuahirishwa hakuna uzito mmoja kila mahali. Harvard kwa miaka mingi imekuwa ikiwaahirisha waombaji wengi wa mapema ambao haikuwakubali. Stanford huamua wengi pale pale, ikiahirisha wachache sana. Kwa hiyo neno hilo peke yake halikuambii kama ulikosa kidogo au ulikosa sana. Lihesabu kuwa nafasi ndogo iliyo hai, usiijengee nyumba. Jambo moja lakini ni la hakika: kile kifungo ulichotia sahihi, kwamba ukikubaliwa utakwenda, kimekatika siku walipokuahirisha. Uko huru kuomba popote, wala huhitaji ruhusa ya mtu.

Soma tena barua yao yote, pamoja na akaunti yako ya mwombaji. Vyuo vingine hutaka ubonyeze mahali kuthibitisha kwamba bado unataka kufikiriwa. Usipobonyeza, faili linafungwa kimya kimya. Vingine vina fomu maalumu, kama MIT ambayo huwapa waombaji fomu ya taarifa mpya mwezi Februari. Vingine husema waziwazi visitumiwe chochote zaidi ya matokeo ya shule. Maagizo yao yakigongana na haya yangu, fuata yao.

Sasa vyuo vya kuongeza. Lenga sita hadi vinane, na usivichague kwa majina. Vyuo vingi huchapisha kila mwaka waraka uitwao Common Data Set. Andika jina la chuo na maneno hayo kwenye Google, utapata PDF yenye kurasa nyingi. Wewe unahitaji sehemu tatu tu. H6 inaeleza ni wanafunzi wangapi wa kigeni walipata ufadhili na wastani wa dola walizopewa. C9 inaonyesha alama za SAT za waliojiunga. C7 inaonyesha wanazingatia nini katika kuamua.

Anza na H6. Gharama kamili za mwaka katika vyuo binafsi vya aina unayoitaka sasa ni dola 80,000 hadi 90,000 na zaidi. Ukiona wastani wa ufadhili kwa wageni ni dola 20,000, hapo si pako hata wakikukubali kwa mikono miwili. Ukiona 65,000 au 70,000, na waliopata ni makumi kadhaa, weka chuo hicho kwenye orodha. Vipo vichache visivyoangalia mfuko wa mwanafunzi wa kigeni wakati wa kuamua, vikiwamo Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin. Hivyo vinagombewa na dunia nzima, basi viwe viwili tu, vingine vyote vitoke kwenye kazi yako ya H6.

Ada ya ombi huwa kama dola 50 hadi 90, lakini Common App, ile fomu ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi, ina sehemu ya kuomba msamaha wa ada, na vyuo kadhaa havitozi kabisa. Fomu ya ufadhili ya CSS Profile ni dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata. Kwa familia yako hizo ni pesa. Iandikie ofisi ya udahili mistari miwili ukiomba namba ya msamaha, au uulize kama wana fomu yao isiyolipiwa. Waandikie leo, maana ofisi nyingi hufungwa kuanzia Krismasi mpaka baada ya mwaka mpya.

Halafu kuna mtego wa saa. Kwenye Common App siku ya mwisho huisha saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa ya mahali ulipo. Saa ya New York haihusiki. Wengi Afrika Mashariki hudhani wana saa nane za nyongeza, wanaamka asubuhi na kukuta pameshafungwa. Siku hiyo hiyo ndipo bando huisha na stima hupotea. Tuma siku mbili kabla.

Early Decision ya pili. Hiyo pia inakufunga: unaomba chuo kimoja tu, mara nyingi mwanzoni mwa Januari, jibu linakuja katikati ya Februari, na ukikubaliwa unaondoa maombi mengine yote, pamoja na lile lililoahirishwa. Vyuo kama Vanderbilt, Emory, Tufts, Middlebury na Swarthmore vina mpango huo. Uutumie ikiwa mambo mawili ni kweli: H6 ya chuo hicho inabeba mahitaji yako, na ungekwenda huko kwa furaha hata kama kile cha kwanza kingekuita Machi. Kama unakimbilia huko kwa sababu umeumia, acha. Ufadhili wakitoa usiotosha unaweza kuomba ufunguliwe kifungo, ila hapo utakuwa umepoteza wiki ukibishana na ofisi ya fedha.

Ushauri wa kufuta ombi la ufadhili ndio mbaya kuliko yote uliyopewa. Vyuo vingi vina sheria kwamba mwanafunzi wa kigeni asiyeomba msaada wakati wa kudahiliwa hapati msaada baadaye, mpaka ahitimu. Na hata kabla ya kufika huko, chuo hakitoi hati ya I-20 bila ushahidi kwamba pesa za mwaka wa kwanza zipo, na bila I-20 huna cha kupeleka ubalozini kwenye mahojiano ya visa. Utakuwa umekubaliwa na huwezi kwenda.

Badala ya kulifuta, likague. Chuo kinachoangalia uwezo wa kulipa kinaweza kusita kwa sababu faili la fedha lina kasoro, na kasoro ninazozijua hujirudia. CSS Profile hukuruhusu kujaza kwa shilingi, ilimradi sarafu iliyochaguliwa juu ya fomu ndiyo hiyo. Mama anayepata shilingi 40,000 kwa mwezi akaandikwa dola 40,000, huyo ni tajiri mbele yao. Kosa la pili ni kuandika kipato cha mwezi mahali pa mwaka. La tatu ni kuacha wazi sehemu ya hati za mapato kwa sababu muuza mitumba hana hati ya mshahara. Pasiwe wazi. Andikeni barua ya ukurasa mmoja inayoeleza biashara: mtaji, mauzo ya wiki ya kawaida, kodi ya kibanda, kinachobaki. Mama aitie sahihi, chifu agonge muhuri, na taarifa za M-Pesa za miezi sita ziambatishwe ikiwa ndiyo njia ya malipo yake.

Sasa turudi kwenye chuo chako. Una kitu ambacho wengi walioahirishwa hawana, nacho ni KCSE. Mwanafunzi wa Marekani anapeleka alama za muhula mmoja tu. Wewe ulisomwa kwa matokeo ya majaribio, na kabla hawajakusoma tena utakuwa na matokeo halisi ya mtihani wa taifa. Miaka ya karibuni yametangazwa mapema: tarehe 8 Januari 2024, tarehe 9 Januari 2025. Mpangilio wako wote uzunguke hapo.

Mpigie mwalimu wako simu sasa, shule ikiwa imefungwa, ili Januari asishangae. Matokeo ya shule hayatumwi na wewe; yeye ndiye anayeyapakia kupitia akaunti yake ya Common App, kwenye fomu ya ripoti ya kati ya mwaka au ya mwisho, kadiri chuo kinavyotaka. Barua pepe ya mfumo huo hupenda kuangukia kwenye taka, kwa hiyo muulize kama bado anaweza kuingia. Ikibidi, kaeni pamoja saiba mpaka muone imekwenda. Hati ya matokeo ipigwe muhuri wa shule na iskaniwe vizuri. Picha ya simu iliyopigwa juu ya meza, kivuli cha mkono kikiwa juu ya alama, humchosha msomaji.

Angalia majina. Kama KCSE ina majina matatu kwa mpangilio mmoja, pasipoti ina mawili, na Common App umejaza kwa mpangilio mwingine, hati inaweza kufika chuoni isikutane na faili lako. Kila karatasi iwe na jina kama lilivyo kwenye ombi, tarehe ya kuzaliwa, na namba yako ya Common App juu kulia.

Muombe mwalimu pia aya moja ya maelezo, maana afisa wa udahili kule huenda hajui A- ya Kenya ina uzito gani. Akimwambia kwamba wastani hutokana na masomo saba yenye jumla ya pointi 84, kwamba A- huanzia pointi 74, na kwamba katika KCSE ya 2024 waliopata A kamili walikuwa 1,693 kati ya watahiniwa zaidi ya 960,000, alama yako inasomeka upya. Aongeze wanafunzi wangapi wa shule yenu wamepata kama wewe au zaidi. Maneno hayo yana nguvu yakitoka kwake. Yakitoka kwako yanakuwa majigambo.

Na kama matokeo yakishuka hadi B+? Tuma vilevile. Watayataka tu, na kuyaficha ni njia ya kupoteza nafasi hata baada ya kukubaliwa. Usijitetee kwenye barua yako. Kama kulikuwa na sababu ya kweli, ugonjwa au msiba, mwalimu aiseme kwa mistari miwili ndani ya ripoti.

Barua yako mwenyewe iandike matokeo yakishatoka na uitume kabla Januari haijaisha, isipokuwa chuo kimeweka tarehe yake. Barua ya siku ya pili baada ya kuahirishwa huwa haina habari, ina machozi tu. Iwe ukurasa mmoja, maneno 300 hadi 400, PDF, ipakiwe kwenye akaunti ya mwombaji. Kama hakuna mahali pa kupakia, itume kwa afisa anayesoma maombi ya Afrika Mashariki. Vyuo vingi huorodhesha maafisa wao kwa maeneo kwenye tovuti.

Wengi huanza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kusoma katika chuo chenu chenye sifa duniani kote." Afisa ameshaisoma hiyo mara mia, na haina hata neno moja asilolijua. Wewe anza na kilichobadilika: "Tangu nilipotuma ombi langu, matokeo ya KCSE yametoka. Nimepata A- yenye pointi 78, na A katika Biolojia na Kemia. Desemba nilihesabu upya miche 600 tuliyopanda Agosti. Mikoko ya kawaida imebaki 261 kati ya 300, na michu, aina nyingine ya mikoko, 148 kati ya 300. Michu mingi iliyokufa ilikuwa upande wa maji, ambako kaa walikula miche michanga kabla haijashika mizizi. Awamu ijayo tutaikuza michu kitaluni kwa muda zaidi, tuihamishe ikiwa na majani manne." Tarakimu hizo ni mfano. Vaa ndara uende ukahesabu za kwako, uandike na zilizokufa. Hesabu yenye hasara na sababu yake inaaminika kuliko "tumepanda mamia ya miti kuokoa mazingira".

Aya ya pili iguse kitu kimoja cha chuo hicho ambacho kazi yako inakihitaji: somo fulani, maabara, kituo cha utafiti wa pwani. Kimoja tu, na kisiwe kile kilicho kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti yao. Usirudie insha yako ya Oktoba, wanayo. Kisha sentensi moja ya mwisho: chuo hiki bado ndicho chaguo langu la kwanza, na nikikubaliwa kwa ufadhili unaotosha nitakuja. Iseme ikiwa ni kweli, na kwa chuo kimoja tu. Ukiwa umeingia Early Decision ya pili kwingine, huwezi kuisema hapa. Sema tu kwamba bado unakitaka.

Binamu wa Minnesota ana nia njema, ila amekosea. Kweli vipo vyuo vinavyopima hamu ya mwombaji, utaona kwenye C7. Lakini wewe uliomba Early Decision, hakuna hamu inayozidi hiyo. Barua moja kamili, na nyingine fupi ya mistari mitatu ikiwa Februari utapata jambo jipya la maana. Zaidi ya hapo unamwongezea afisa kazi wakati ana mafaili maelfu.

Kuhusu mheshimiwa, mwambie mama kwa upole kwamba barua ya mbunge asiyekujua husema "ninamfahamu kama kijana mwenye nidhamu", na kila afisa wa udahili anajua imeandikwaje. Kama chuo kinaruhusu barua moja ya ziada, na hapo ndipo uhakikishe kwanza, iandikwe na mwenyekiti wa kikundi cha mikoko. Yeye amekuona ukiwa kwenye matope. Aiandike kwa Kiswahili, mwalimu wa Kiingereza aitafsiri, zitumwe zote mbili. Aeleze ulifanya nini siku fulani, kundi lilikuwa limekwama wapi, ukapendekeza nini. Nusu ukurasa unatosha.

SAT iache. Baada ya Desemba mtihani unaofuata ni wa Machi, na alama zake zitakuta kamati zimeshaamua. Kwa vyuo vipya, linganisha 1380 na C9: kama iko chini ya alama ya robo ya chini na chuo hakilazimishi mtihani, usiitume, kama iko katikati, itume. Angalia mwaka huu wanasemaje, maana baadhi ya vyuo vilivyokuwa vimeufanya wa hiari, kama Dartmouth na Brown, vimeurudisha kuwa lazima. Angalia pia kama wanataka ushahidi wa Kiingereza. Mtihani wa Duolingo hufanyika nyumbani na majibu huja ndani ya siku mbili.

Ukihitaji mtu wa kukaa naye na orodha, EducationUSA ya ubalozi wa Marekani Nairobi hutoa ushauri bure. Anayekutoza pesa kwa ahadi ya kukuhakikishia nafasi, huyo mpite mbali.

KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo vya Kenya, wakifungua maombi, jaza. Hakukuzuii kokote. Na kama Machi itakuja na majibu mabaya pande zote, unaweza kuomba upya mwaka ujao ukiwa na KCSE kamili tangu siku ya kwanza, kama wafanyavyo Wakenya wengi wanaokwenda huko. Kwa hiyo usifute kitu: insha, barua ya mama, daftari la miche, vyote viwe kwenye barua pepe yako na si kwenye kompyuta ya saiba.